Kuongeza ghorofa juu ya paa la zege: picha za droni zipigwe vipi ili mhandisi aweze kuzitumia?

Mkaazi_Kwerekwe

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna nyumba ya chini na juu hapa Mwanakwerekwe. Paa lake ni slabu bapa ya zege, mita 12 kwa 18, lina ukuta wa mita 1 pande zote. Nguzo ni 20, mistari mitano kwa minne, umbali wa mita 4.5 upande mmoja na mita 4 upande mwengine. Nondo zimeachwa zimechomoza juu kwa kila nguzo, kama kawaida ya huku, kusubiri ghorofa ijayo. Juu yake kuna simtenki mbili za lita 2,000. Wenyewe wanataka kujenga juu nyumba mbili ndogo za kupangisha, kila moja vyumba viwili, jiko na choo. Michoro ya asili haipo na fundi aliyejenga hapatikani.

Droni ipo, yenye kamera ya megapikseli 20. Naomba kujua: iruke urefu gani na picha zipandane (moja ifunike sehemu ya nyengine) kiasi gani? Pointi za udhibiti (alama zilizopimwa mahali pake kwa usahihi) ziwe ngapi? Mhandisi apewe nini mkononi? Na je, picha hizo zinaweza kuonesha kama jengo litabeba? Jirani wa kulia ana ghorofa tatu na mnara mdogo wa antena, na nyaya za umeme zinapita mbele, barabarani.

Mpimaji_Unguja

Waalaykum salaam. Naanza na urefu, maana hapo ndipo kazi nyingi za paa zinapoharibika. Programu ya kupanga njia inahesabu urefu kutoka pahala droni iliporukia, yaani chini uani. Ukiiambia iruke mita 40 na picha zipandane asilimia 75, hesabu hiyo ni ya ardhi. Paa lako pamoja na ukuta wake liko kama mita 8 juu, kwa hiyo kamera iko mita 32 tu kutoka kwenye kitu unachokitaka, na kupandana kunashuka hadi kama asilimia 69. Ukiteremka mita 25 ili upate picha kali zaidi, paani kunabaki asilimia 63, na modeli, yaani umbo la pande tatu linalotengenezwa na programu kutoka kwenye picha, itaanza kutoboka. Panga kwa kimo cha paa, si cha ardhi: iruke mita 38 kutoka uani, zibaki 30 juu ya slabu, na kupandana kwa asilimia 80 mbele na 75 ubavuni kuhesabiwe kwa hizo 30. Kwa kamera za megapikseli 20 zilizozoeleka, pikseli moja hapo ni kama milimita 8.

Mruko wa kwanza kamera itazame chini wima. Wa pili ipite njia ileile huku kamera imeinamishwa nyuzi 45, ukizunguka pande zote nne. Bila huo wa pili, upande wa ndani wa ukuta wa paa, miguu ya simtenki na kuta za nje vitatoka vimeyeyuka kwenye modeli. Mruko wa tatu ni wa mkono, si wa programu, na ndio wenye faida kubwa kwa kazi yako: shuka hadi mita 8 juu ya slabu, piga kila fungu la nondo picha tatu au nne kwa ubavu. Kwa umbali huo pikseli ni kama milimita 2, na nondo ya milimita 16 inachukua pikseli saba hivi. Kutoka mita 30 nondo hiyohiyo ni pikseli mbili, na programu itaifuta kama uchafu. Kwa hiyo usitegemee modeli ikuoneshe nondo. Zitazame kwenye picha zenyewe, na uzipe majina: A1, A2, hadi E4, uandike na juu ya slabu kwa chaki kabla hujaruka.

Pointi za udhibiti: nne ardhini kuzunguka nyumba, nne kwenye pembe za slabu, moja katikati ya slabu. Juu ya hizo weka tatu za kuhakiki ambazo hutaziingiza kwenye hesabu kabisa; ndizo zitakazokwambia makosa yako ni sentimita ngapi. Ukiweka pointi ardhini tu, vimo vya paa vinaweza kupotoka na usijue. Alama ziwe mraba wa sentimita 30, nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti, na msumari katikati. Slabu iliyopakwa chokaa inameza alama nyeupe tupu.

Kwenye majira-nukta (namba za kuonesha mahali), tumia mfumo wa UTM kanda ya 37 Kusini kwa WGS84 na uandike hivyo kwenye kila faili. Ramani za zamani ziko kwenye mfumo mwengine, Arc 1960, na ukizichanganya bila kubadilisha utaona kiwanja kimehama takriban mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Vimo navyo vina mtego: GPS inatoa kimo cha elipsoidi (umbo la dunia la kihesabu), ambacho huku kwetu kinatofautiana na usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 20, na slabu yako inaweza kusomeka chini ya sifuri. Hakuna kilichoharibika. Ama ubadilishe kwa modeli ya jioidi (inayofuata usawa wa bahari), ama uamue kizingiti cha mlango wa mbele ndiyo sifuri na vimo vyote vitoke hapo. Kwa mhandisi wa jengo moja hiyo ya pili inatosha na inaeleweka haraka.

Usirushe wala usisawazishe dira juu ya slabu. Chuma kilicho ndani ya zege kinaipotosha, na droni inayopaa vizuri inaweza kuanza kuzunguka ovyo ikifika mita 10. Rushia uani, juu ya meza ya mbao. Urefu wa kurudi nyumbani uwe juu ya antena ya jirani na minazi yote kwa mita 15 angalau. Mnazi mkubwa unafika mita 25 na zaidi. Na tazama kunguru. Hawa wetu wa mjini huishambulia droni kwa makundi, khasa asubuhi mapema na jioni wanapokwenda kulala. Wakikusogelea panda juu wima, usikimbie kwa ubavu, maana kupanda kwa kasi hawawezi.

Saa nzuri ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, penye wingu jembamba. Kusi likishika, Juni hadi Septemba, fanya mapema kabla upepo haujakaza. Ukipata mvua ya masika au vuli, rudi saa moja baada ya kukatika upige ortofoto (picha moja iliyounganishwa, inayopimika kama ramani) nyengine ya haraka. Madimbwi yaliyobaki yanaonesha pahala maji yanapokaa, na mara nyingi ndipo zege lilipochoka.

Zege_na_Nondo

Nimesoma, na vipimo vya mpimaji nakubaliana navyo. Sasa swali la nne, ambalo ndilo zito: hapana, picha hazioneshi kama jengo litabeba. Zinakupa umbo, vipimo na hali ya ngozi ya nje. Ndani ya nguzo kuna nondo ngapi, ringi ziko umbali gani, zege lina nguvu gani, msingi umekaa juu ya nini, hayo yote droni haiyajui. Kazi yake ni kukupunguzia pa kutafuta, ili badala ya kutoboa nguzo 20 ujue zipi uanze nazo.

Angalia kwanza uzito, kwa sababu ndio utakaoamua aina ya ujenzi. Nguzo ya ndani kwenye gridi yako inabeba eneo la mita za mraba 18. Ukijenga kwa matofali ya inchi 6 yaliyopigwa plasta pande mbili na kufunika kwa slabu nyengine ya milimita 150, hesabu ya haraka inakwenda hivi: slabu mpya karibu kilonyutoni 68, mihimili 16, kuta 83, sakafu na vigae 22, watu na vitu 27, nguzo yenyewe 6. Jumla ni kama 220, yaani tani 22 za ziada kwenye nguzo moja, na hapo sijagusa ukuta wa paa wala simtenki. Ukijenga kwa fremu nyepesi ya chuma, kuta za mbao nyepesi, kenchi na mabati, inashuka hadi chini ya tani 5. Tofauti hiyo ndiyo mara nyingi inayotenganisha jengo linalowezekana na lisilowezekana. Kwa nyumba isiyo na michoro, ningeanza na nyepesi na nisiifikirie slabu ya pili mpaka vipimo viseme.

Wepesi una gharama yake. Paa la mabati upepo unalinyanyua, hivyo kila nguzo ya fremu ifungwe kwenye mhimili au nguzo ya zege ya chini kwa bolti, si kwenye lipu ya slabu. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, na kisiwa kiko palepale.

Sasa nondo zilizochomoza. Watu huzihesabu kama mtaji, lakini zimekaa kwenye hewa ya chumvi miaka mingi. Sehemu mbaya kabisa si ncha. Ni sentimita chache pale nondo inapotoka kwenye zege, ambapo maji ya mvua yanakaa. Ndiyo maana picha za mita 8 zipigwe kwa ubavu mpaka chini ya nondo. Kwenye picha tafuta michirizi ya kutu iliyotiririka juu ya slabu, zege lililobanduka kuzunguka fungu, na nondo zilizokunjwa. Yale mafungu mabaya zaidi yaendee kwa mkono: sugua kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, pima kipenyo kwa kalipa. Nondo ya 16 ikisoma 14 imepoteza karibu robo ya chuma chake. Pima na urefu uliobaki. Kuunganisha nondo ya 16 kwa kuipandisha nyengine kunataka mara 40 ya kipenyo, milimita 640, na nyingi zilizoachwa ni fupi kuliko hapo. Zikiwa mbovu au fupi, njia ni kubomoa zege la juu mpaka chuma kizima kipatikane, au kutoboa na kupanda nondo mpya kwa gundi ya epoksi kwa kina alichokipiga hesabu mhandisi. Kuchomelea kipande juu ya nondo iliyoliwa usikubali.

Baada ya picha, vipimo kwa mpangilio huu. Kifaa cha kusaka nondo kwenye nguzo za chini, upate idadi, ringi na unene wa zege linalozifunika. Nyundo ya Schmidt, inayopima ugumu wa uso wa zege, kulinganisha nguzo na nguzo, lakini usichukue namba yake kama nguvu ya zege, kwa sababu zege kuukuu ngozi yake imekauka ngumu na nyundo inasoma juu kuliko ukweli. Kisha vipande vya silinda vya milimita 100, angalau vitatu, kutoka zile nguzo au mihimili nyundo iliyosoma chini. Pahala palipotobolewa nyunyiza fenoliftalini. Pakigeuka waridi, zege bado linailinda nondo. Pasipogeuka, kinga imekwisha mpaka kina hicho. Na peleka unga wa zege maabara kupima kloridi. Hilo huku si la hiari, kwa sababu nyumba nyingi zimejengwa kwa mchanga wa pwani usiooshwa, na fenoliftalini haioni chumvi.

Msingi: chimba shimo la mita 1 kwa 1 pembeni ya nguzo mbili, moja ya kona na moja ya ndani, mpaka chini ya kitako. Pima upana na unene wake, uone kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, udongo mwekundu au kifusi. Nyumba mbili jirani zinaweza kuwa na ardhi tofauti kabisa. Kwa walioko Darajani na Mnazi Mmoja, kumbukeni palikuwa na hori ya bahari kabla ya kufukiwa.

Mkaazi_Kwerekwe

Nashkuru sana nyote wawili. Mambo matatu yamebaki. La kwanza, slabu inaonekana kama imebonyea katikati ya chumba kimoja. Modeli ya droni inaweza kuthibitisha? La pili, nguzo za juu zinaonekana hazikukaa sawasawa juu ya zile za chini. La tatu, ukoo huohuo una nyumba ya mawe Mji Mkongwe na wanauliza kama utaratibu huu unafaa huko.

Mpimaji_Unguja

Kubonyea: hapana. Slabu ya mita 4.5 ikibonyea kwa kiwango cha kawaida cha kuruhusiwa, urefu ugawe kwa 250, ni milimita 18. Vimo vya modeli yako, hata ukifanya kila kitu vizuri, vina makosa ya sentimita 2 hivi. Unachokitafuta kimelingana na makosa ya chombo. Isitoshe fundi huweka lipu yenye mteremko juu ya slabu ili maji yatoke, kwa hiyo uso wa juu haufuati slabu yenyewe. Pima dari ya chini kwa mashine ya kusawazisha, kila nusu mita, kutoka mhimili hadi mhimili. Nyufa vilevile: ufa wa milimita 0.3 haupatikani kwa uhakika kwenye picha zenye pikseli ya milimita 2. Usipouona angani usiseme haupo.

Nguzo: hapo droni inasaidia, lakini kwa nusu tu. Ortofoto inakupa kitovu cha kila fungu juu. Cha chini kipime kwa total station (mashine ya kupimia pembe na umbali), uanzie kwenye zile pointi nne za ardhini na kuingia ndani kupitia milangoni, ili juu na chini viwe kwenye majira-nukta mamoja. Panga jedwali la nguzo 20 lenye tofauti ya kila moja. Zile zinazozidi milimita 50 mwoneshe mhandisi kwanza.

Jambo jengine: tafuta picha za mradi wa kuchora ramani ya Zanzibar kwa droni ulioanza 2016, ambao Kamisheni ya Ardhi ilifanya pamoja na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Pikseli yake ni kama sentimita 7. Nondo hazionekani, lakini utajua kama slabu yako ilikuwepo tayari au ilikuwa bado msingi. Hiyo inakupa umri wa chini wa nondo zilizokaa wazi bila kutegemea kumbukumbu za watu.

Chokaa_na_Boriti

Kuhusu nyumba ya Mji Mkongwe, kupiga picha ndiyo, kuongeza ghorofa sikushauri. Huko hakuna nguzo. Uzito wote unakwenda kwenye kuta za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi, na sakafu zimekaa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, na ndiyo maana vingi ni vyembamba na virefu. Ukuta ule umezoea mzigo ulioenea sawasawa. Ukisimamisha nguzo ya chuma pahala pamoja unaufanyia kitu ambacho hakikujengewa. Maji ndiyo adui mkubwa: paa likivuja, chokaa inalainika na ncha ya boriti inaoza ndani ya ukuta ambako haionekani. Beit al-Ajaib, jengo la 1883, upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Majengo haya hayana akiba ya nguvu ya kuchezea.

Mji uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na mabadiliko yoyote ya paa yapitie kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, kabla hata ya kumlipa mchoraji. Picha za droni zina kazi nzuri huko: kuonesha mifereji iliyoziba, miche ya miti iliyoota kwenye viungo vya ukuta, mabati yaliyowekwa juu ya mabati, na viraka vya saruji juu ya chokaa vinavyofungia unyevu ndani. Ukiwa na modeli ya pande tatu ya mtaa, unaweza pia kuweka umbo la banda linalopendekezwa na kuona litaonekana kutoka barabara gani. Wakaguzi hulijali sana hilo, na ni haki yao.

Usirushe droni chini ya mita 10 juu ya vichochoro. Upepo unageuka ghafla kati ya kuta, na ishara ya setilaiti inapotea.

Sheria_Mtaani

Nagusia vibali kwa ufupi. Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo idhini ya kurusha inatoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Mwanakwerekwe iko karibu na uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume. Droni nyengine zitakataa kuwaka injini hapo mpaka zifunguliwe, na usijaribu kuzizunguka. Omba mapema, uambatanishe ramani ya eneo, urefu wa juu kabisa utakaoruka na saa.

Sheha aarifiwe kwa maandishi siku chache kabla, na majirani waambiwe mlango kwa mlango. Watu wanaanika nguo, wanawake wako uani kwao bila ya buibui, na vyoo vya nje havina paa. Waambie saa na dakika, uishike. Ijumaa usiruke wakati wa sala. Ukichakata, kata modeli kwenye mpaka wa kiwanja. Uani mwa jirani hakumhusu mhandisi wako.

Ghorofa yenyewe nayo inahitaji kibali chake cha ujenzi, na kama nyumba ni ya urithi, hati ya makubaliano ya warithi wote ipatikane kabla ya kibali. Nyumba za juu zitakuwa na mlango, ngazi, mita ya umeme na bomba la maji taka zao wenyewe. Aliyeridhia bila kujua ngazi itapita wapi atakuja kupinga nguzo zikiwa zimesimama.

Mpimaji_Unguja

Namalizia la kumkabidhi mhandisi. Kabla ya kuruka, simtenki jeusi lipe sura: bandika vipande vya utepe wa karatasi pande zote, maana uso mweusi laini programu haiushiki na utapata shimo. Mabati ya jirani yanayong'aa yataleta nundu za uongo, usiyahesabu. Kwa programu ya kuchakata picha, WebODM inatosha kwa paa moja, na Metashape au Pix4D zinafaa pia.

Mpe ortofoto ya TIFF yenye majira-nukta, wingu la pointi la LAS lililokatwa kwenye paa, mchoro wa DXF wenye kingo za slabu, vitovu vya mafungu 20, simtenki na njia za maji, na folda ya picha za nondo zilizopangwa kwa majina yale ya chaki. Juu yake weka karatasi moja: tarehe, hali ya hewa, sifuri ya vimo iko wapi, na makosa ya zile pointi tatu za kuhakiki, kila moja peke yake, mlalo na wima. Wastani usimpe peke yake. Pointi moja iliyokosea sentimita 6 inajificha vizuri sana ndani ya wastani wa 2, na inaweza kuwa ndiyo iliyo kwenye kona ambayo ngazi mpya itashukia.